Barua ya wazi kwa wakubwa wa vyuo vya Lubumbashi: diploma wanayo, barua ya kuomba kazi wananiletea mimi nitunge

Kwa Wababa na Wamama marekta na madirekta wa vyuo vya hapa Lubumbashi, maprofesa, ma-asistenti, na Wizara kule Kinshasa ikiwa karatasi hii itafika mbali hivyo.

Jambo yenu wote. Mimi ni mama wa duka la kupiga mashine na fotokopi hapa mjini, nina kompyuta, impremante, mashine ya kutia spirali, na benchi moja nje ya watu wa kusubiri. Watoto wa vyuo wananiita Mama Fotokopi, jina nimeshalizoea. Wanatoka vyuo vya serikali, vya makanisa, vya watu binafsi, na nasema mapema kabisa sitataja chuo hata kimoja wala profesa hata mmoja, juu sikuja kushtaki mtu, na tena wengine wenu ni wateja wangu.

Kinachonifanya niandike ni vitu vinavyopita mikononi mwangu. TFC (ile kazi ya kuandika ya mwisho wa masomo), memwari, ripoti za staji (mazoezi ya kazi), silabusi zenu (vitabu vya kozi) ambazo zingine nazijua kwa kichwa sasa, CV, barua za kuomba kazi, barua za rekuru, zile za kulalamikia pointi. Namwona mtoto akiingia L1, mwaka wa kwanza, na shati jipya, namwona akitoka na kofia na toga, na kisha namwona tena, diploma ndani ya faili, anakaa kwenye benchi anangoja wengine waishe ndipo ananiambia pole pole: "Mama, uniandikie barua ya kuomba kazi." Kupiga mashine? Hapana, hiyo ni kazi yangu nalipwa sina neno. Anataka NITUNGE. Namuuliza niweke nini, ananijibu: "Mama, weka tu bintu bya muzuri, weye unajua."

Sasa mtu wa miaka yote hiyo chuoni hajui aanzie wapi ukurasa mmoja wa kusema yeye ni nani na anaweza nini. Na msidhani ni mjinga. Kuna mmoja wa jioloji, siku umeme ulikuwa umekatika tukakaa tu pale nje, akanieleza kwamba sehemu hizi zetu zamani za zamani zilikuwa chini ya maji ya bahari, kwamba shaba na kobalti zilikaa ndani ya ule udongo wa chini ya maji, na lile jiwe la kijani linaloitwa malakiti linatoka wapi, akachora na kijiti kwenye vumbi, mpaka mama wa mandazi wa jirani akaacha mafuta yake akaja kusikiliza. Nchi yetu njo inatoa sehemu kubwa kabisa ya kobalti ya dunia na mimi nilikuwa sijawahi kuelezwa hivyo. Alieleza kwa Kiswahili chetu cha hapa, na mikono, na mifano. Umeme uliporudi nikamwambia haya leta barua yako, akaninyamazia.

Watu wengi wanapenda kusema chuo hakifundishi maisha. Mimi nakataa. Chuo kinafundisha maisha sana, kila siku, asubuhi mpaka jioni, tatizo ni maisha gani. Mtoto anajifunza kungoja, juu profesa hakuja na ratiba imebadilishwa usiku kwenye WhatsApp. Anajifunza kunyamaza, juu ukimuuliza asistenti swali la pili unaweza kuonekana una kiburi na kiburi kinalipwa siku ya delibere, maprofesa wanapoamua nani amepita. Anajifunza kununua silabusi ambayo hataisoma, ili jina lake liwe kwenye listi. Anajifunza kwamba kila mlango una njia ya nyuma na mwenye akili ni yule anayeijua. Artikle 15 mnaijua wote, ile ya mtaani ya jitafutie mwenyewe, maana Artikle 15 ya kweli ya Katiba ya 2006 inaongea kitu kingine kabisa, inasema serikali ihakikishe ukatili wa kingono unakwisha, na wasichana wanaokuja dukani wakiniambia ni kwa nini wamebadilisha direkteri wa kazi yao, yule profesa wa kuwaongoza, katikati ya mwaka wangependa sana mtu aisome hiyo Artikle mbele ya komite ya chuo. Hapo nanyamaza mimi pia, lakini mmenielewa.

Na sisi wazazi tuna sehemu yetu, siwezi kuwaachia ninyi mzigo wote. Wengi wetu tulikua tukisikia habari za usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990 pale kampasi, wanafunzi waliposhambuliwa, na tangu hapo nyumba nyingi zinamfundisha mtoto maneno matatu tu: soma, nyamaza, rudi. Hatuwezi kumfunga mdomo nyumbani halafu tukashangaa hana mdomo mbele ya mtu wa kumpa kazi.

Wakati wa wakubwa zetu mambo yalikuwa mengine. Chuo kikubwa cha mji huu kimezaliwa miaka ya 1950, 1971 kikaingizwa ndani ya UNAZA, chuo kikuu kimoja cha taifa, pamoja na kile cha Kinshasa na cha Kisangani, na wakati ule masomo ya fasihi na ya sayansi za jamii yakaletwa huku kwetu, watu wakatoka kila kona ya nchi kuja kuishi Lubumbashi, mpaka 1981 vilipoachanishwa tena na hiki chetu kikawa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Wazee waliosoma wakati huo ukikaa nao hawakuelezi masomo hata kidogo. Wanakueleza homu, yaani bweni, chumba kimoja na Mkongo wa Bas-Congo na Mluba na Mswahili wa Kivu, bursa, pesa ya serikali ya kusomea, ikichelewa mnapikaje, mkutano unaendeshwaje watu wasipigane, nani alikuwa anajua kuongea na nani alikuwa anajua kuhesabu pesa za pamoja. Hayo hakuna profesa aliyeyafundisha, yalikuja na ile namna ya kuishi. Leo mtoto anaishi kwa shangazi Katuba ama Rwashi, anaamka, anatafuta pesa ya taksi, anafika, anaandika anachoambiwa, anarudi kuchota maji. Masomo yalibaki na ile sehemu nyingine ikapotea njiani kama unga kwenye mfuko uliotoboka, na sidhani kuna mkubwa yeyote aliyekaa akaamua ipotee. Ndiyo maana naandika kwenu, mnaweza kukaa mkaamua irudi.

Nianze na kitu kidogo ambacho mnacho tayari na hamkioni: CP. Shefu wa promosheni, mwanafunzi anayeongoza wenzake wa darasa moja. Kuna msichana mmoja alikuwa CP wa watu wengi sana, oditwari, ukumbi wa masomo, imejaa mpaka wengine wanasimama dirishani, alikuwa anakuja kwangu kufanya fotokopi za wote. Nilikuwa namwangalia anavyofanya. Ana daftari, kila jina na kiasi, nani amelipa yote, nani amelipa nusu, nani ameomba angojewe mpaka mama yake auze. Anapigiwa simu na asistenti huku, anatukanwa na wenzake kule, siku moja wawili waligombana palepale kwenye benchi yangu juu ya franka elfu chache na yeye aliwatuliza bila kupaza sauti, akapiga hesabu mbele yao, akawaonyesha daftari, wakanyamaza. Mimi nina biashara, najua kazi ile ni ngumu namna gani. Kushika pesa ya watu isipotee, kusema hapana kwa mtu unayemwogopa, kupeleka ujumbe wa walio chini kwa aliye juu bila kuharibu pande zote mbili. Kuna wakubwa wa ofisi hawawezi hiyo!

Alipomaliza akaja kutengeneza CV. Shule ya msingi ameweka, sekondari ameweka, chuo ameweka, lugha ameweka, "mapendo: kusoma na kusali" ameweka. U-CP hakuna. Nikamuuliza, akacheka: "Ile si kitu Mama, ile ilikuwa tu mateso." Mateso! Miaka ya kuongoza watu na anaiona kama mateso kwa sababu hakuna mtu wa chuo aliyewahi kumwambia hii unayofanya ni kazi na inaitwa hivi na unaifanya vizuri ama vibaya. Hapo chuo kimemfundisha kitu kikubwa kuliko kozi nyingi na hakijui kama kimemfundisha, na yeye pia hajui kama amejifunza.

Tuje kwenye TFC. Mimi siyo profesa lakini nimezipiga nyingi mno, kwa hiyo mnivumilie. Sura ya kwanza ni maelezo ya maneno, ni yale yale, mtoto anakuja na modeli ya kaka yake aliyemaliza zamani, anabadilisha jina la kampuni na mwaka, na mara zingine anasahau, unafika ukurasa wa katikati unakuta kampuni ya kaka bado iko pale imekaa. Kwenye shukrani kila mmoja anamshukuru direkteri "ambaye licha ya kazi zake nyingi alikubali kuongoza kazi hii", nimeipiga hiyo sentensi mpaka vidole vinaenda vyenyewe. Karatasi ikirudi kutoka kwa direkteri natafuta wino mwekundu. Wako direkteri wanaoandika pembeni, nawajua kwa mwandiko, watoto wao unawaona wanabadilika kabisa, wanakaa kwenye benchi wanabishana na ule wino, "Mama lakini hapa hajanielewa mimi nilitaka kusema hivi". Na wako wengine karatasi inarudi nyeupe kama ilivyokwenda, kuna saini tu mwishoni.

Sasa nifike kwenye kile nilichotaka kusema tangu mwanzo. Katika makaratasi yote yanayopita kwangu kuna aina moja tu ambayo watoto HAWANIOMBI nitunge. Ni rekuru. Mtoto amekuta jina lake kwenye valvu, ubao wa matokeo, pale ukutani mbele ya watu wote, ameanguka kozi moja na ana hakika alifanya vizuri, anakuja kwangu usiku ule ule na karatasi ameandika mwenyewe. Na imeandikwa! Tarehe ipo, kozi ipo, swali la ngapi alijibu nini, pointi za interu (majaribio madogo) alizopata kabla, anaomba nini na kwa nini, heshima ipo na hasira ipo lakini imefungwa vizuri. Hakuna modeli ya kaka. Hakuna bintu bya muzuri. Yule yule ambaye barua ya kazi imemshinda.

Nimejiuliza sana kwa nini. Nadhani ni kwa sababu kwenye rekuru ana kitu chake mwenyewe cha kusema, na anatumaini kwamba kuna mtu upande wa pili anayepaswa kumjibu. Basi. Miaka yote mingine ya chuo ameandika vitu ambavyo si vyake kwa mtu ambaye hamjibu. Interu inarudi ikiwa namba tu, ama hairudi. TP, kazi ya mazoezi, inaingia kwenye ofisi ya asistenti inapotelea huko. Ripoti ya staji inapigwa muhuri. Swali linajibiwa "utaona kwenye silabusi". Mtoto ambaye hajawahi kujibiwa atajuaje kuongea na mtu? Atajuaje kujitetea, kukubali kukosolewa, kurekebisha, kurudi tena? Na kwa bahati mbaya wengi wananiambia hata rekuru zenyewe nyingi hazipati jibu, kwa hiyo ile siku moja aliyoandika vizuri anafundishwa kwamba haikusaidia kitu.

Na huku nje maisha yanawadai hivyo vitu kila siku. Sheria ya tarehe 8 Februari 2017 ilisema zile kazi ambazo kampuni kubwa za mine zinawagawia wengine ziende kwa kampuni za mtaji wa Wakongomani. Ni mlango mkubwa kwa vijana wa hapa, wa Likasi na wa Kolwezi. Wanajikusanya watatu wanne, wanasajili kampuni pale gishe moja, wanakuja kwangu kupiga ofa. Wale wa politeknika wanajua pampu mpaka skrubu ya mwisho, lakini ofa yenyewe ni bei tu bila maelezo, na TVA, kodi ya ongezeko la thamani, hawajaiweka, asilimia 16 ambayo ipo tangu 2012, juu hakuna aliyewaambia kwamba kwenye maisha fakture, karatasi ya kudai malipo, ina TVA, ile ni mambo ya watu wa komersia. Wakishinda soko, yaani wakipewa ile kazi, hasara inakuwa yao. Wengine wanamaliza lisansi wanarudi kujiandikisha INPP, shule ya serikali ya ufundi wa kazi, ambayo ipo toka 1964, kujifunza kuchomelea, na mimi nawapongeza kabisa, kuchomelea ni kazi ya heshima, ila nawaza kwa nini mikono yao haikuguswa na kitu hata kimoja kwa miaka yote ile. Kasumbalesa, pale mpakani na Zambia, si mbali, kilometa tisini hivi unavuka unaingia Kingereza, na mtoto wetu amefaulu Kingereza kila mwaka lakini hawezi kumuuliza dereva wa Zambia bei ya unga. Hiyo nitaipita haraka, mnaijua.

Mtaniambia LMD, ule mpango mpya wa masomo ya chuo, imekuja kurekebisha hayo yote. Tangu mwaka wa 2021-2022 mmeitandaza nchi nzima, krediti 60 kwa mwaka, 180 kwa lisansi, na kizuri ni kwamba krediti haihesabu masaa ya profesa peke yake, inahesabu na kazi ya mwanafunzi mwenyewe. Kwa karatasi ni vizuri sana, nimepiga mashine maelezo yake mara nyingi naikubali. Lakini ile kazi ya mwanafunzi mwenyewe anaifanyia wapi, biblioteki ikifungwa mapema na nyumbani hakuna umeme? Anaifanyia kwangu, anakopi ya mwenzake, ndiyo ukweli. Na akishaifanya nani anaisoma? Tunarudi palepale.

Kwa hiyo naomba mambo machache, na hayataki pesa ya Benki ya Dunia.

Kwanza kabisa rudisheni karatasi za watoto zikiwa na maneno juu yake. Hata mistari miwili. Najua asistenti ana promosheni ya mamia ya watu na mshahara wake unachelewa, sikatai, lakini hata kama hawezi kusoma TP zote za mwaka, asome moja kwa kila mtoto aisome kweli na aijibu kweli, itakuwa zaidi ya wanachopata leo. Na rekuru ijibiwe kwa maandishi, hata jibu likiwa hapana. Hapana yenye sababu inamkomaza mtu.

Ma-CP wafundishwe mwanzoni mwa mwaka, siku mbili zinatosha, mtu wa kontabilite awaonyeshe namna ya kushika pesa ya wengine na kutoa hesabu, mtu mwingine awaonyeshe ripoti ya mkutano inaandikwaje. Mwishoni mwa mwaka chuo kiwape karatasi yenye muhuri inayosema huyu aliongoza watu kadhaa na hesabu yake ilikuwa safi. Na asiyekuwa na hesabu safi asipewe, hiyo pia ni shule. Tena msiwaache ma-CP kuwa watu wa kukusanyia maprofesa pesa, hapo mnawaharibu.

Staji: mtu wa chuo aende kumwona mtoto kule alikopelekwa, mara moja tu, asiambiwe kwa simu. Wengi wanarudi wakiwa wamejifunza kuleta maji na kufanya fotokopi, na kwa fotokopi hawawezi kunishinda mimi.

Na hili la mwisho msinicheke. Kabla mtoto hajatetea kazi yake kwa Kifaransa mbele ya jiri, maprofesa wa kumhukumu, aieleze kwanza kwa Kiswahili, dakika kumi, mbele ya watu wasiosoma hayo masomo. Mama wa mandazi awepo, manseba wa pikipiki awepo, wamuulize maswali. Mji huu umekuwa na Mufwankolo na kundi lake, watu wa tiatre walioongea Kiswahili cha Lubumbashi mpaka kila nyumba ikawaelewa, kwa hiyo lugha ya kueleza jambo kubwa tunayo, haijatupungukia. Yule wa jioloji pale benchini alifaulu jiri ngumu kuliko yenu, na hakuna aliyempa pointi. Mkimzoeza mtoto hivyo mara mbili tatu, barua ya kazi ataandika mwenyewe, maana atakuwa ameshasema kwa mdomo wake anajua nini. Mimi nitapoteza wateja kidogo, haidhuru, ofa na fakture zitaongezeka.

Sijui nani kati yenu atakuwa wa kwanza kusoma hii. Naomba tu isiishie kwenye droo, juu nimeandika yangu mwenyewe na nangoja jibu kama wale wa rekuru. Mnaweza kumpa mtoto yeyote wa chuo chenu aniletee, wote wanajua dukani kwangu. Na mkilileta limeandikwa kwa mkono, nitalipiga mashine bure.

Ni mimi,
Mama Fotokopi, Lubumbashi